Swali la Tano na Koti la Baba

Kazi ya likizo ya mpwa wangu ililetwa mezani ikiwa chini ya sufuria ya maharage. Ilikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa stepla, zimetolewa fotokopi ya fotokopi mpaka maandishi yamefifia, na juu kabisa kichwa cha habari kwa herufi kubwa: UTAMADUNI WETU, FAHARI YETU. Mama alikuwa ameiweka hapo ili masizi yasichafue kitambaa.

"Msaidie mwenzio," aliniambia. "Wewe si ndiye uliyetembea nchi nzima? Huo utamaduni wa taifa utakuwa umeuona mahali."

Nilikuwa nimerudi Malangali, mtaa wetu wa Sumbawanga, wiki hiyo, mara hii nikitokea Tunduma. Kabla ya Tunduma ilikuwa Mpanda, na kabla ya Mpanda ilikuwa Kigoma, na huko nyuma kuna miji mingine ambayo yenyewe imenisahau. Nimefanya kazi za kubeba, za kuuza, za kulinda, na nyingi zaidi za kungoja. Kwa mama yangu, mwanamume aliyevuka arobaini na bado nguo zake zote zinaenea kwenye begi moja huitwa mgeni, na mgeni hapewi kazi ya maana. Hupewa kuchambua maharage, au kusimamia masomo ya watoto.

Lakini kuhusu utamaduni wa taifa, mama hakukosea. Nimeuchunguza kwa miaka mingi na kuhakikisha kwamba utamaduni mmoja unaounganisha Watanzania wote, wa pwani na wa bara, ni kumwogopa mtu wa Sumbawanga. Ukitaja unakotoka, watu husogea kidogo kwenye benchi, wasije wakarogwa. Mwenye nyumba wangu wa Kigoma aliniuliza nilifikaje kule. Nikamwambia kwa basi. Akauliza tena kwa upole, kama hakimu anayempa mshitakiwa nafasi ya mwisho: "Basi la kweli?" Nilikaa kwake mwaka mzima na hakuthubutu hata siku moja kunipandishia kodi.

Basi nikavuta zile karatasi kutoka chini ya sufuria. Mpwa wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, amejifunika shuka juu ya sweta juu ya fulana, kwa sababu ilikuwa Juni, na Juni ya Ufipa haina mzaha. Yuko kidato cha kwanza. Urefu ameuchukua kwa baba yake, Msukuma wa bondeni, na ulimi ameuchukua kwetu. Dada yangu na mumewe wananunua na kuuza maharage kule Kate, kwa hiyo binti anakaa na bibi yake hapa mjini kwa ajili ya shule. Na kila likizo kama hii hushuka Milepa kwa bibi yake mwingine, mama wa baba yake, ambako kuna joto, kuna ng'ombe, na mjukuu hunywa maziwa mpaka ndama waanze kumchukia. Mwaka huu hakushuka. Sababu ilijulikana na kila mtu nyumbani na haikutajwa na yeyote.

Maswali yalikuwa matano, na manne alikuwa ameshayajibu.

La kwanza liliagiza: "Chora na eleza vazi la taifa." Alikuwa amechora mwanamke amevaa jaketi la mtumba lililojaa manyoya, kanga imefungwa juu ya jaketi, kofia ya sufu, na miguuni ndala zenye soksi. Chini ameandika: "Vazi la taifa bado linatafutwa. Wakati tunasubiri, sisi wa Sumbawanga tunavaa kila kitu kwa pamoja."

La pili: "Eleza chakula cha asili cha jamii yako." Jibu: "Ni ugali na maharage. Siku ya mgeni ni ugali na maharage yenye mafuta. Siku ya sikukuu ni wali na maharage. Kuku ni wa asili pia lakini hatujazoeana naye."

La tatu lilitaka mfano mmoja wa umoja wa kitaifa. "Umeme ukikatika," aliandika, "majirani wote hutoka nje kwa wakati mmoja na kusema neno moja."

La nne liliuliza mwananchi anapaswa kufanya nini wimbo wa taifa unapoimbwa. "Kusimama wima, kutazama mbele, na kutafuta kwa masikio ni nani anayeruka maneno."

Nilicheka mpaka mama akaniuliza kama nimeanza tena zile tabia za Tunduma.

"Mwalimu wako atakuchapa," nilimwambia.

"Hachapi, Mjomba. Anaandika 'tuonane'. Nimeonana naye sana muhula huu. Tumeshakuwa kama ndugu."

"Na la tano?"

Akanifunulia karatasi ya pili, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani yenye nzi. Swali la tano lilisema: "Mhoji mzee wa familia yako kuhusu desturi moja inayopotea. Ieleze, kisha ioneshe kwa vitendo mbele ya wazee, mmoja wa wanafamilia akishuhudia." Chini yake palikuwa peupe.

"Bibi hataki kuhojiwa," alisema.

"Sijakataa," mama alijibu kutoka jikoni. "Nimesema uandike unachotaka. Ninyi si mnajua kila kitu? Andika kwamba desturi inayopotea ni watoto kuosha vyombo."

"Nilitaka kuandika utani wa msibani."

Jikoni kijiko kiliacha kugonga chungu.

Lazima nieleze kuhusu koti.

Nyuma ya mlango wa sebule yetu kulikuwa na msumari, na kwenye msumari koti la marehemu baba yangu. Lilikuwa koti zito la sufu, rangi ya majivu, refu mpaka magotini, lenye kifungo kimoja chekundu ambacho mama alikishona pale cheusi kilipopotea. Baba alilivaa shambani, kanisani na hospitalini. Mfukoni aliweka karanga, na ukikaa naye vizuri alikupa moja, karanga moja tu, kwa heshima zote, kama anayekugawia shamba. Aliweka pia miwani, au aliamini aliiweka. Nusu ya maisha yake aliimaliza akijipapasa mifuko kutafuta miwani iliyokuwa juu ya paji la uso wake mwenyewe. Na alikuwa na mwendo wake: hatua kadhaa, kisimamo, anageuka nyuma ghafla kuona nani anamsema, kisha anaendelea, ameridhika kwamba wapo.

Baba alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Koti lilirudi kwenye msumari wake na hakuna aliyeligusa. Lilikuwa nene kiasi kwamba mlango haukufunguka mpaka mwisho. Ulifika kwenye koti ukajibweteka, na mgeni akaingia kwa ubavu. Sitaficha kwamba mimi nilikuwa nalitamani. Nilikuja na kijaketi cha Tunduma ambacho upepo wa Ufipa ulikiona ukacheka. Kaka yangu mkubwa naye alikuwa analitamani, ila yeye aliita tamaa yake kumbukumbu. Kila alipokuja kutusalimia alisimama mbele ya koti, akainamisha kichwa, na kupima mikono kwa macho.

Na ni huyu kaka aliyeharibu msiba.

Alifanya kazi ofisini Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na kitambi, miwani ya kamba, na imani kwamba hakuna jambo lisiloweza kupangiwa ratiba. Msiba wa baba aliupangia. Kulikuwa na spika, turubai, karatasi zilizochapwa zenye picha ya baba akionekana kama anadaiwa, na vijana wa huduma waliovaa vitambaa vyeupe mkononi kwa ajili ya wanaozimia. Saa ilipofika akashika kipaza sauti na kuanza kusoma wasifu wa marehemu.

Wakati huo lori kutoka Milepa lilikuwa limefika, limejaa Wasukuma wakwe zetu. Sisi Wafipa na Wasukuma tunataniana. Wazee wanasema utani huo ni wa zamani kuliko ng'ombe wao kule bondeni, na dada yangu alipoolewa kwao ukapata nguvu mpya. Na mtani ana kazi yake msibani: anamcheka marehemu. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anawadai waombolezaji, anamsema mjane. Hapo ndipo watu wanapojua aliyekufa alikuwa mtu, si malaika aliyeandikwa kwenye karatasi.

Mama mkwe wa dada yangu, bibi wa Milepa, hakusalimia mtu. Aliingia moja kwa moja sebuleni, akatoka amevaa koti la baba na mabuti yake ya shambani, akajitokeza katikati ya wasifu. Hatua kadhaa, kisimamo, akageuka nyuma. Akajipapasa mifuko. Akawaangalia watu waliokaa chini ya turubai na kuuliza kwa sauti nzito ya baba: "Hivi viti vimetoka wapi? Nilipokuwa hai si mlikuwa mnakaa kwenye mawe?"

Wazee wakaanza kucheka. Nikamwona mama, aliyekuwa amezungukwa na wanakwaya, ananyoosha shingo ili aone.

Kaka akasimamisha wasifu. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya Dar: "Tunaomba vijana wa huduma wamsaidie mama yetu pale mbele. Amezidiwa na majonzi."

Walimsaidia. Walimbeba juu juu, mabuti yakininginia, wakampeleka nyuma ya nyumba, wakamvua koti, wakammwagia maji kichwani na kumpepea kwa kanga. Kadiri alivyosema "Niacheni, mimi ni mtani!" ndivyo walivyompepea kwa nguvu. Aliposema "Mimi mzima!" kijana mmoja alimjibu kwa huruma kwamba wote huwa wanasema hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa na wachimba kaburi, na nilidhani hata kule kubebwa ni sehemu ya utani. Kaka akamaliza wasifu. Baba akazikwa kwa wakati, bila kuchekwa.

Kesho yake lori lilishuka bondeni kabla hatujaondoa matanga. Tangu siku hiyo bibi wa Milepa hakukanyaga tena Sumbawanga. Mkwe wetu, aliyebaki katikati ya mama yake na mama mkwe wake, aligundua kwamba biashara ya Kate inahitaji uangalizi wa karibu. Na likizo hii, mjukuu alipouliza kama anaweza kwenda Milepa, jibu lilirudi fupi: "Mwambieni mgonjwa hapokei wageni."

Hiyo ndiyo sababu iliyokuwa haitajwi.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Alimtazama mjukuu wake, halafu akatazama mlango.

"Babu yako hakuchekwa," alisema. "Mtu asipochekwa haondoki vizuri. Anabaki mlangoni. Mimi kila nikifungua mlango nagongana naye."

"Kwa hiyo nikuhoji?"

"Mimi nikueleze nini? Mimi ni mfiwa. Mfiwa hajui utani, utani anaujua mtani. Kamhoji huyo mgonjwa wako."

Alisema hivyo kama anayefunga mjadala. Mpwa wangu aliyachukulia kama ruhusa. Alinyoosha mkono nikampa simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imefungiwa kabatini mpaka amalize kazi ya shule. Akapiga, akaweka spika, akailaza simu katikati ya meza.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Sauti yako inatetemeka. Hao Wafipa wamekunyima blanketi?"

"Bibi, nina kazi ya shule. Nataka nikuhoji."

"Mimi naumwa. Hukusikia? Nilitangazwa kwenye spika. Mgonjwa hahojiwi."

"Hujapona tu, Bibi?"

"Nitaponaje na sijui nilikuwa naumwa nini? Mpaka leo nikipita sokoni watu wananiuliza kichwa kinaendeleaje."

Mama alikuwa amerudi jikoni, lakini si ndani sana. Alikuwa anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Mwambie," alisema kwa sauti ya kutosha, "kichwa chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Ni samli. Imepanda mpaka kwenye ubongo."

Simu ikafoka: "Nani huyo anabwabwaja huko nyuma? Ni yule mchawi wa Malangali?"

"Mwambie ningekuwa mchawi, ng'ombe zake zingekuwa zinakamuliwa hapa hapa uani kwangu."

"Mwambie ng'ombe zangu zina akili. Zikiona Mfipa zinafunga maziwa."

"Ng'ombe wana akili, wachungaji je?"

Mpwa wangu alikuwa anaandika kwa kasi ya karani wa mahakama. Mama alikuwa amefika mezani, mwiko mkononi, ameinamia simu kana kwamba anataka kuipiga. Niliona meno yake. Sikuwa nimeyaona tangu nirudi.

Kisha upande wa pili sauti ikabadilika. "Nilibebwa, mzazi mwenzangu," bibi wa Milepa alisema. "Mbele ya watoto wangu. Nilimwagiwa maji kama mlevi."

"Nilikuona."

"Uliniona ukanyamaza."

"Nilikuwa nimekaliwa na wanakwaya wanne. Unawajua walivyo. Mmoja alikuwa amenishika mdomo akidhani nataka kulia." Mama akavuta kiti, akakaa. "Hukumaliza kazi yako. Mzee bado yuko mlangoni."

Hapo mpwa wangu aliingilia, kalamu juu, kama mwanasheria. "Mwalimu amesema kwa vitendo," alisema. "Kwenye simu si vitendo."

Bibi wa Milepa alifika Jumamosi kwa gari la asubuhi. Alikuwa na kidumu cha maziwa mgando na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vikavu ambavyo Wasukuma hula na sisi tunasingizia kwamba ni vibao vya mbao. Aliingia mlangoni kwa ubavu kama wote, akagusana na koti, akalitazama, akalisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mzee," na kupita. Yeye na mama hawakukumbatiana. Mama alichutama, akapiga makofi taratibu ya salamu yetu ya Kifipa, ile ya kumpokea mtu mkubwa. Mwenzake akamwambia anachutama kama kuku anayetaga, na wakaingia jikoni kusengenya.

Kaka naye alifika. Aliambiwa kuna onesho la elimu nyumbani kwa mama, na neno onesho lilimtosha. Alivaa suti. Alikuja na hotuba fupi ya ufunguzi na alikuwa ameuliza kama spika inahitajika.

"Utaratibu ukoje?" aliuliza, akisimama katikati ya ua.

"Tunaanza na marehemu," alisema mpwa wangu, akiangalia karatasi yake. "Bado hatujapata marehemu."

Bibi wa Milepa alitoka jikoni akitafuna mchembe. Alimwangalia kaka kuanzia viatu mpaka miwani. Kisha akanyoosha kidevu.

"Marehemu huyu hapa."

"Mimi?" Kaka alicheka peke yake. "Mama, mimi nilidhani ningeongoza shughuli."

"Shughuli ya kwanza uliiongoza. Hii utaihudhuria. Lala."

"Mama, nina presha."

"Marehemu hana presha."

Kaka alimgeukia mama yetu kutafuta msaada. Mama alikuwa anatandika mkeka. Aliutandika vizuri, akaulainisha kwa kiganja, akaweka mto. "Vua koti la suti, mwanangu," alisema, "lisije likachafuka." Nikamwona kaka yangu, aliyewahi kufungua semina, akishusha magoti, kisha mikono, kisha kitambi, mpaka akalala chali juani na soksi zake za ofisini zikiangalia mbingu. Mpwa wangu akamfunika kanga mpaka kidevuni.

"Kwa hiyo mimi ninasema nini?" kaka aliuliza.

"Marehemu haongei," tulimjibu wote.

Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Nilishika simu nirekodi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutangatanga nilikuwa na kazi isiyonipa hamu ya kuondoka kabla haijaisha.

Bibi wa Milepa alitoka ndani amevaa koti. Mabuti yalikuwa makubwa kwake, yakamfanya akokote mguu kidogo, na baba alikuwa anaukokota hivyo hivyo. Hatua kadhaa. Kisimamo. Akageuka ghafla nyuma, akanikazia macho mimi.

"Wewe umerudi lini? Na umekuja na nini? Begi! Miaka yote hiyo, begi!"

Sauti haikuwa yake.

Akaenda kwa maiti. "Na huyu nani amelala saa hizi? Mwanangu wa Dar? Mwamsheni mmpe kipaza sauti, labda hajafa, ameishiwa betri." Kanga ilitikisika. Marehemu alikuwa anajizuia. "Ulinisomea wasifu wangu, ukasema nilikuwa mpole. Nilikuwa mpole mimi? Nani alikwambia? Nilimrushia jembe baba yako mdogo kwa sababu ya panya!"

"Kweli," mama alisema, akicheka, ameshika mbavu. "Jembe zima."

Ndipo koti likamgeukia yeye. "Na wewe mwanamke. Uliyeninyima chumvi."

"Sikukunyima."

"Mboga zako zote zilikuwa kama maji ya kunawia."

"Daktari alisema!" Mama alisimama. Hakuwa anacheka tena, wala hakuwa anamwangalia bibi wa Milepa. Alikuwa anaongea na koti. "Daktari alisema, na wewe ulikuwa unamimina nusu kopo nikigeuka. Unadhani sikuwa naona? Nilikuwa naona kila siku. Nilikuachia kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Bibi wa Milepa alisita. Nadhani hakutegemea kujibiwa. Akafanya kile ambacho baba angefanya akishikwa uongo: akaanza kujipapasa mifuko, juu, chini, ndani, akitafuta miwani. Na mkono ukakwama mfukoni. Ukatoka taratibu, umefumbata.

Zilikuwa karanga. Za mwaka jana, zimekauka, nyingine zimetobolewa na wadudu. Hakuna aliyekuwa ameingiza mkono kwenye ule mfuko tangu baba azikwe.

Aliziangalia. Kisha akatupitia mmoja mmoja, akatugawia kila mtu karanga moja, kwa heshima zote. Mpwa wangu. Mimi. Akainama akamwekea marehemu moja midomoni. Mwisho akasimama mbele ya mama na kumpa yake.

Mama aliitazama kwenye kiganja muda mrefu. Akaitia mdomoni, akatafuna. Uso ukakunjamana.

"Imeoza," alisema. "Hata baada ya kufa hujui kununua karanga."

Na hapo akaanza kulia, kilio kikubwa cha wazi ambacho siku ya msiba kilizibwa na mikono ya wanakwaya. Alikuwa analia na kucheka, na mzazi mwenzake akamshika mabega ndani ya lile koti la majivu, naye akalia, akimtukana Kisukuma katikati ya machozi.

"Imeisha?" kaka aliuliza kutoka mkekani, karanga ikiwa shavuni.

"Nyamaza," mama alimwambia. "Umekufa."

Kwa desturi, mtani akishavaa nguo ya marehemu huondoka nayo. Mimi nilijua hilo, kaka alijua hilo, na wote wawili tulikaa jioni ile tukilitazama koti kwa macho ya watu wanaofiwa upya. Mama hakulitaja. Asubuhi bibi wa Milepa alipolivua na kulikunja juu ya kiti, mama alilikunjua, akamvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka kile chekundu.

"Kule kwenu hakuna baridi," nilijaribu.

"Usimsikilize," mama alimwambia mzazi mwenzake. "Huyo ana begi."

Mpwa wangu aliondoka naye. Kazi ya likizo ilikuwa imekamilika, na chini ya swali la tano alikuwa ameandika nusu ukurasa ambao mwalimu wake bila shaka atauandikia "tuonane". Mistari ya kwanza nimeikariri: "Desturi inayopotea ni kumcheka marehemu. Kwetu haikupotea. Ilibebwa na vijana wanne ikapepewa, sasa imepata nafuu." Kaka alisoma, akasema Kiswahili kizuri ila ukweli haujawekwa katika muktadha.

Baadaye mpwa wangu alipiga simu kutoka Milepa. Alisema jua linachoma, ng'ombe wamejificha vivulini, na bibi yake hajavua lile koti tangu washuke kwenye gari. Anatembea nalo sokoni. Wanaomuuliza kichwa kinaendeleaje anawapa karanga.

Hapa nyumbani mlango sasa unafunguka mpaka mwisho na kupiga ukuta, kwa kishindo ambacho kinaanza kubomoa plasta. Kaka amependekeza tuweke kipande cha mpira pale chini kuuzuia. Mama amesema tuuache upige.